Uvimbe wa Mkononi

Angela mwanangu,

Ukitoka sokoni yaongezee maji maharage. Uji wa Amon uko kwenye chupa. Mimi nawahi basi la Morogoro, leo nakatwa ule uvimbe wa mkononi.

Asubuhi umemnyakua Amon mapajani pangu ukasema, "Mama, utamwambukiza!" Daktari amesema ni chembe za mwili wangu zimejazana sehemu moja ya ngozi, jambo la nadra kwa mtu mzima. Uvimbe ukisuguliwa unafura na kuwasha, lakini hauambukizi. Wakiukata wote, yameisha.

Nilitaka kumbeba kidogo tu kabla sijaondoka.

~~Usinifuate hospitali.~~ Njoo, mwanangu. Kisu nakiogopa.

Bibi yake Amon