Omosh, Ile Shimo Uliniambia Iko, Iko Kweli

Omosh, sasa?

Niko Kenyatta Market, ile meza yetu ya nyuma yenye moshi. Nimeagiza nusu kilo ya nyama kama kawaida lakini imepoa, sijaigusa. Nimekasirika, ndugu yangu, kwa hivyo nivumilie nikiruka huku na huku.

Waliotengeneza ile programu ya kutunza siri wamekubali kosa. Ile yetu ya ofisi, inayotunza pasiwadi za programu zingine zote. Wametoa tangazo: iko na shimo ya kupitia wezi, kila mtu aweke update haraka. Nikasoma nikadhani ni wewe umeandika. Ni vile tu ulinieleza hapa, mfupa kwa mkono, ukionyesha zile salon za huko ndani.

"Kamau, tuseme caretaker wa hapa ameshika funguo za vibanda zote. Kila mama wa salon anafaa kupewa yake peke yake. Lakini huyu caretaker haulizi wewe ni wa kibanda gani. Anauliza tu unataka ya nani. Unataja, anakupea. Sasa huyo ni askari, ama ni mwizi amevaa uniform?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Na nilielewa, Omosh. Hiyo ndio inaniuma. Mimi mtu wa form four, nilianza kwa kuvuta cable, na nilielewa yote.

Ulitaka huyo caretaker, yaani ile programu, apunguziwe funguo. Pale kwetu hakuna kitu inabadilishwa bila mtu wa pili kukubali, na mtu wako wa pili nilikuwa mimi. Na si unajua tabia yetu, tunakubaliana kwanza kwa mdomo, kuandika kwa system ni baadaye. Kwa hivyo uliniambia hapa, ukaniambia kwa lift, ukaniambia kwa ngazi. Nikasema ngoja mwisho wa mwezi upite. Ukapita. Nikasema ngoja tena. Ilikuwa uvivu tu. Ingebidi nirekebishe programu moja moja, na nilikuwa nimezoea kwenda nyumbani mapema.

Halafu wezi wa mtandao wakaingia. Na waliingilia wapi? Kale kaprogramu ka kuagiza chai na chapati! Kitu hakuna mtu alikuwa anajali. Wakasimama hapo, wakataja funguo ya rekodi za kliniki, na caretaker akawapea. Waliingia na mlango ya chapati wakatoka na majibu ya maabara ya wagonjwa. Mambo watu hawakuwa wameambia hata mabibi zao.

Kwa ule mkutano wa ofisi Upper Hill, mkubwa wetu Madam Kendi aliuliza kama kuna mtu alijua. Ukasema, "Nilimwambia Kamau." Hukusema kwa ubaya. Ulinigeukia tu, ukingoja nimalizie.

Nikasema, "Sikumbuki."

Basi. Kendi hakuuliza swali la pili. Mkubwa mzima, anakaa kwa ofisi yenye kapeti, swali moja zaidi ingemshinda? Lakini ilikuwa rahisi: wewe ndio uliweka huo mfumo, uzembe ikawa yako, ukafutwa. Sisemi kazi ndio ilikuua. Daktari alisema ni mapafu. Lakini ulikufa ukitengeneza simu za watu Ngara, na jina yako imechafuka.

Na nani alipewa maikrofoni kwa mazishi, aongee kwa niaba ya wafanyakazi wenzako? Mimi. Nikasema ulikuwa mtu mcheshi. Mcheshi! Halafu nikakaa kwa hema, nikakula.

Sasa sikia hii. Siku ya lile tangazo Kendi alituita wote, akasema tumshukuru Mungu update imetoka. Watu wakapiga makofi. Makofi, Omosh! Hakuna mtu alitaja jina yako, Omondi. Yaani wanaitaja, lakini vile wamezoea. Hukujua hii: siku hizi mtu akiharibu kazi wanamwambia, "Aii, usituletee Omondi." Kuna dada mgeni ameajiriwa juzi, akaniuliza pale pale, polepole, "Kwani Omondi ni kitu gani?"

Alidhani ni kitu.

Nikasimama. Nikasema Omondi ni mtu, aliona hii shimo kabla ya hao wenye programu, akaniambia, na mimi ndio nilikataa, na mimi ndio nilidanganya hapa.

Kendi akasema, "Kamau, hayo yalipita. Unataka tuanze kufukua?"

"Ndio, madam. Mimi ndio nilizika."

Ameniambia nitaitwa. Wacha waniite. Hasira yangu kwao ni kubwa, lakini kila nikiigeuza inarudi kwangu.

Jumamosi nikaenda Dagoretti kwa bibi yako. Nilimkuta anaanika nguo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Aliendelea kuanika tu, shati, sweta ya mtoto wenu Effie, mpaka beseni ikaisha. Ndio akaniangalia.

"Shemeji. Na ulikula kwangu."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikata.

"Usiniombe msamaha kwa kamba ya nguo. Wewe uliongea mbele ya watu, utarudi mbele ya watu. Tunaenda nyumbani Siaya kuweka msalaba kwa kaburi yake. Utashika hiyo maikrofoni tena. Mama yake bado anaambiwa sokoni ati kijana yake aliuza siri za wagonjwa."

Mama yako, Omosh. Yule aliyenifungia kuku nirudi nayo Nairobi. Hiyo yote ni kwa sababu ya neno yangu moja.

Nitaenda. Hata wakinifuta, nitaenda. Na yule dada mgeni amesema anataka kuja, Kendi apende asipende. Kwa hema sitaketi, na chakula sitagusa mpaka Mama Effie mwenyewe aniwekee. Asiponiwekea, nitarudi na njaa yangu.

Hii nyama naifunga niwapelekee watoto wako. Pumzika, ndugu yangu. Sitasema ulikuwa mcheshi. Nitasema mimi ni Kamau, Omondi aliniambia, na nakumbuka.