Dumu la Mama Mkwe

Jumatatu, 16 Juni

Madumu tisa leo. Saba ya wakaanga chipsi wa stendi, mawili ya mama mkwe anayekaanga perege sokoni. Ya mama mkwe ndiyo makubwa kuliko yote. Nimeyafikisha kwa Mwalimu Sabina kabla ya chai. Shikamoo yangu ameijibu huku ananusa vizibo, kimoja kimoja. Kawaida yake.

Nina miaka hamsini na moja na nikisimama mbele ya Mwalimu huyu bado naficha kucha zangu. Alinifundisha kemia kidato cha tatu. Akanipa sifuri mbili, na zote nilistahili. Alipostaafu tulidhani atafuga kuku. Yeye akanunua mapipa mawili akaanza kupika mafuta ya gari nyuma ya nyumba. Mafuta yaliyochoka ya kukaangia, spiriti, kostiki kidogo, ile ya kutengenezea sabuni, moto wa pumba za mpunga. Kesho yake yamejitenga. Mazito chini, juu yanang'aa kama chai ya rangi. Kanta yangu, lori langu dogo, inayanywa tangu mwaka jana na haijawahi kukohoa. Ikipita mtaani watu wanauliza nani anakaanga mandazi.

Alhamisi ndiyo siku. Bi. Zuhura, mwenye kinu cha mpunga na Fuso tatu, amekubali kuona kwa macho yake. Kanta itoke Mngeta na mzigo wa mpunga mpaka kinuni kwake hapa Ifakara kwa mafuta ya Mwalimu peke yake. Akiridhika, Fuso zake zitayatumia. Asiporidhika, Mwalimu anauza mapipa na kuhamia Mahenge kwa binti yake. Anasema kazi yote hii kwa gari moja ni kupunguza moshi kwa kijiko. Alisema bila huzuni, kama anasoma ratiba. Huzuni nimebaki nayo mimi.

Jumanne, 17 Juni

Sabuni.

Pipa zima limekuwa sabuni. Nimefika asubuhi nikamkuta Mwalimu amesimama na mwiko, anauinua, uji mweupe unaning'inia. Hakupiga kelele. Alichota mafuta kidogo yaliyobaki kwenye dumu, akayatia kwenye kikaango cha moto. Yakalia, pah pah pah. Maji.

"Kuna mtu ameosha dumu, Didasi," alisema. "Na mimi nilikimbilia Alhamisi, sikupima. Kosa langu."

Kosa lake. Nilitamani ardhi inimeze.

Maana najua dumu la nani. Mwezi uliopita alinituma niwaambie wote: msioshe madumu, maji yanageuza mafuta kuwa sabuni. Wakaanga chipsi nikawaambia, wakafurahi kupunguziwa kazi. Mama mkwe sikumwambia. Nitamwambiaje mama aliyemzaa Leokadia wangu kwamba anirudishie chombo kichafu? Chombo cha mtu kinarudishwa kimetakata, hata mtoto anajua. Nilienda mara mbili, nikaamkia, nikala samaki, nikaondoka. Leo sikusema neno kwa Mwalimu. Mwoga mkubwa mimi.

Mafuta mazuri yaliyobaki, ya mapishi yaliyopita, ni lita kumi na nne, dumu moja limejaa lita kumi, la pili lina nne. Safari inataka ishirini. Spiriti imekwisha mpaka wiki ijayo.

Jumatano, 18 Juni

Nimempelekea wazo. Tununue mafuta mapya ya alizeti dukani, au mawese, apike hata kidogo bila spiriti, kwa njia atakayoijua yeye. Aliniangalia kama zamani, nilipoandika kwamba maji ni elementi.

Kisha akanieleza, na nimeelewa, ndiyo maana naandika. Dizeli ni kaboni iliyozikwa chini miaka na miaka. Tukiichoma tunaongeza hewani kitu ambacho hakikuwepo. Alizeti kaboni yake imeivuta hewani msimu uliopita, ikichomwa inarudi ilikotoka. Mpaka hapo vizuri. Lakini mafuta mapya yana mwenyewe, anayasubiri jikoni. Sisi tukiyamwaga kwenye magari, jikoni kutapungua, na mtu mahali fulani atafyeka msitu alime mengine. Akichoma miti ile, akikausha na bonde, moshi wake utakula faida yetu yote na kudai nyongeza. Ndiyo maana anachukua yaliyochoka tu, yale yaliyokuwa yanamwagwa mtaroni.

"Na hata hayo sisemi ni safi," alisema. "Spiriti imetoka kiwandani. Kanta yako inazunguka kuyakusanya. Nasema ni pungufu. Usiwaambie watu zaidi ya hapo."

Ana daftari anamoandika moshi aliouokoa na anamotoa moshi aliouleta yeye mwenyewe. Sijawahi kuona mtu anayejikata alama mwenyewe. Mimi kwenye mitihani nilikuwa nachungulia kwa jirani.

Mchana nimefanya jambo la kijinga. Yale madumu mawili ninayo mimi kwa ajili ya safari. Nimepita sheli, nikachukua lita sita za dizeli, nikajazia dumu la pili. Kumi na kumi, ishirini. Nani atajua? Gari itafika, mapipa yatabaki, Mwalimu atabaki. Nimefanya kwa ajili yake. Nimejiambia hivyo toka sheli mpaka nyumbani.

Alhamisi, 19 Juni

Mngeta saa tatu. Mpunga umeshapakiwa. Bi. Zuhura amekuja na pikapu yake, amevaa buibui na raba, amesimama kwenye vumbi bila kujali. Nikamwaga tangi mbele yake mpaka tone la mwisho. Nikabadilisha filta.

Nikafungua dumu la kwanza. Mwalimu akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Nikamimina. Nikafungua la pili. Akanusa. Akanusa tena. Akachukua kizibo mkononi mwangu, akalifunga lile dumu, akalibeba mwenyewe, na miaka yake sitini na saba, akaenda kuliweka kwenye pikapu ya Bi. Zuhura.

Hakunitazama. Heri angenitukana.

Akarudi akamwambia Bi. Zuhura: "Dumu lile lina dizeli ndani, silihesabu. Tuna lita kumi. Kwa mzigo huu na barabara hii zitaishia Mbingu. Ifakara hatufiki."

Bi. Zuhura akauliza kwa nini basi twende.

"Ili uone zinavyofika Mbingu," alisema Mwalimu, na akapanda mbele, pembeni yangu.

Nikaondoa gari. Mimi na usukani wangu. Lita nne zake nzuri nimeziharibu, kwa ujanja. Gari lakini ilikuwa inakwenda, Mungu wangu. Inapanda, inashuka, matope ya masika yameshakauka yakawa makorongo, mzigo umejaa, na injini inaimba. Pikapu nyuma yetu. Nikaona kwenye kioo Bi. Zuhura ameshusha dirisha, amekaa karibu kabisa na moshi wetu. Nani hufanya hivyo nyuma ya lori? Kwenye moshi wa Fuso zake hujifunga mtandio usoni.

Tumeingia Mbingu. Tumepita nyumba za kwanza. Nikaanza kuomba, sijui nini, kwamba mafuta yazidi, kwamba gari ivuke makadirio ya Mwalimu. Gari ikasita mara moja, ikasita tena, ikazima. Katikati ya Mbingu. Palepale.

Nimeona mtu akishindwa, na nimeona mtu akishinda. Sikujua ni kipi nilichokuwa natazama. Mwalimu alishuka, akasimama kando ya barabara na mkoba wake kifuani, kama anasubiri kengele.

Bi. Zuhura alizunguka Kanta. Akainama nyuma, akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi, akakitazama. Kisha akasema maneno ambayo nitayakumbuka:

"Mwalimu, miaka yote wananiambia gunia limejaa, nikipima halijajaa. Leo mtu kaniambia zitaishia Mbingu, na zimeishia Mbingu. Pika tena. Nitakupa Fuso moja kwanza."

Mwalimu akasema ahsante, ila asimwambie mtu kwamba Fuso yake haina moshi. Itakuwa na moshi pungufu. Hata pale. Hata baada ya kupewa.

Tukamimina lile dumu lenye dizeli lililokuwa kwenye pikapu, nikatoa upepo kwenye pampu, tukafika kinuni saa tisa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeenda kwake asubuhi kuungama. Dizeli alishaijua. Nikamwambia na habari ya dumu la mama mkwe. Alicheka. Sikutegemea. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Akasema miaka thelathini amefundisha kwamba maji ni adui wa mchanganyiko huu, na hakuwahi kufikiria heshima.

Kisha akaacha kucheka. Akasema dizeli ni shauri lingine, nisimfanyie tena. Nikasema sitamfanyia. Nampenda mwanamke huyu kama ninavyompenda mama yangu. Sikumwambia, nimeandika tu hapa.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya misa nimeenda kwa mama mkwe. Leokadia alikataa kunisindikiza, akasema mzigo ni wangu. Nikaamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza kwa kuzunguka sana, kuanzia kaboni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kumbe madumu alikuwa anayaosha kwa sabuni, anasuuza mara tatu, kisha anayatia mafuta yakiwa bado na maji ndani.

"Nilikuwa nakutunzia heshima yako, mwanangu," alisema.

Nikasema najua, mama. Akaniuliza majirani watamwonaje. Akanipakulia samaki.

Jumatano, 2 Julai

Madumu kumi na manne leo. Wakaanga chipsi wa Kibaoni nao wameanza.

La mama mkwe lilikuwa linanisubiri pembeni ya meza yake ya samaki, limefunikwa kanga nzima, kama maiti. Nimelifunua. Jeusi, linanata, magamba yameganda shingoni. Hakuniangalia usoni aliponikabidhi, na najua kilichomgharimu. Nikamrudishia kanga yake, nikalibeba dumu wazi, mbele ya soko zima, taratibu, niwasalimie watu wote.

Mwalimu alinusa kizibo. Akatia kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango cha moto, tukainama wote wawili kusikiliza. Hayakulia.