Kungoja Jibu la Dahabo

Jumanne, 3 Aprili 1979
Suruali sita za shule nimemaliza. Cherehani nimeitia mafuta. Mvua haikati. Wazee wawili wa upande wetu walienda Garbatulla juzi kuniposea Dahabo kwa mjomba wake aliyemlea. Dahabo ni mjane, anauza maziwa ya ngamia hapa mtaani Bulla Pesa. Walisema watarudi leo. Hawajarudi.

Jumatano, 4 Aprili
Bado. Watu wanasema lori lao limekwama kwenye matope. Sindano mbili zimekatika asubuhi moja. Halafu nikajikwaa mbele ya kibanda cha Dahabo. Nina miaka arobaini na moja na naogopa sindano iliyokatika, eti ni ishara mbaya.

Alhamisi, 5 Aprili
Nimejikwaa tena. Pale pale. Si bure. Kuanzia kesho nitazunguka nyuma ya msikiti, nisipite kibandani kwake.

Ijumaa, 6 Aprili
Nimezunguka. Sikujikwaa, sindano haikukatika, na redio iliyokufa tangu mwezi uliopita imeongea yenyewe. Furaha tupu. Nimeimba kazini mpaka wateja wakanitazama. Dada yangu Amina anasema nyuma ya msikiti hakuna mawe, ndiyo maana. Amina haelewi.

Jumapili, 8 Aprili
Siku ya tatu nazunguka. Amina ametoka kununua maziwa. Anasema Dahabo amemjibu salamu tu, uso ameugeuza. Sijala.

Jumatatu, 9 Aprili
Wazee wamefika saa nne, matope mpaka magotini. Mjomba amekubali. Wakapita kwa Dahabo kumpa habari, naye akawaambia, "Huyo fundi hanitaki."
Nimeacha mkasi kwenye kitambaa. Nimekwenda kwake moja kwa moja.
"Siku tatu unanikwepa," akasema. "Hata salamu hakuna. Na siku ile uliyoanza, maziwa yangu yote yaliharibika. Nikajua basi, imekwisha."
Nikamweleza. Sindano, kujikwaa, njia ya msikiti, redio. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Yeye alikuwa anasoma miguu yangu, mimi nasoma mawe. Wote wawili hatukuwa na habari yoyote, basi tukajitungia.
Kisha akacheka mpaka akashika meza, nami nikacheka. Mama mmoja alisimama na mtungi wake akingoja tumalize.
"Fundi, si ungeniuliza tu?"
Nikamuuliza hapo hapo. Amesema ndiyo.
Nimerudi dukani na sikumbuki nimepita njia gani.

Jumatano, 11 Aprili
Mvua imepungua. Nikaha ni baada ya wiki mbili. Dahabo ameleta kitambaa cha bluu, anataka nimshonee mimi mwenyewe. Amina alimpima ndani, akanitajia vipimo kupitia pazia, mimi nikaandika. Baadaye tulikunywa chai, watu watatu. Wamekwenda sasa. Nimetandika kitambaa mezani, nimechora kwa chaki. Nimeanza kukata.