Kasa Ndani ya Wavu wa Baba

Jumatatu, 3 Juni

Gamba la kasa limekamilika! Vifuniko vya chupa, vipande vya ndoo, mifuko niliyookota mwenyewe ufukweni. Nimelivaa mbele ya kioo nikacheka peke yangu. Kazi ya mikono hii.

Baba kapita mlangoni. Kauliza kama siku hizi tunafuga jalala ndani. Miaka yote nacheza, hajawahi kuja kunitazama. Jumapili tunacheza ngoma ya kasa sokoni, na safari hii namtaka pale. Basi.

Jumatano, 5 Juni

Katikati ya ngoma kasa atanaswa wavuni. Wavu nimemwomba Baba, fundi nyavu mzima — ule mkuukuu wa stoo. Kanipa huku amenuna. Wavu wake haukatwi, kasema, mafundo hufunguliwa, nimrudishie ulivyo. Nimeapa.

Kuja kutazama? Ati ana kazi.

Ijumaa, 7 Juni

Shoga yangu Kijiti ndiye kasa, mimi ndiye mtega wavu. Mwembamba, gamba linampwaya, lakini akicheza unasahau. Wavu nimeufunga leo kwa fundo alilonifundisha Baba utotoni. Halilegei hata uvute vipi! Nimejisifu mno.

Jumapili, 9 Juni

Jamani!

Uwanja wa soko la samaki ulijaa pomoni. Kijiti kacheza mpaka wauzaji wakaacha mizani. Kanaswa, kaanguka, ngoma zikanyamaza. Hapo alitakiwa avute kamba, wavu ufunguke, aogelee zake. Kavuta. Kavuta tena. Fundo langu! Kaninong'oneza kwamba pumzi zinambana, si mchezo tena. Watu wanafuta machozi, wanadhani ndivyo ilivyopangwa. Nalivuta fundo kwa kucha, wapi!

Mara mtu kanisogeza kando. Baba! Kisu mkononi. Kumbe alikuwa nyuma ya masanduku ya barafu tangu mwanzo.

"Wavu wako, Baba."

"Nitashona mwingine. Tulia, mwanangu," akamwambia Kijiti, akakata.

Baba yangu! Kijiti kainuka, gamba linang'aa, uwanja mzima ukapiga kelele. Muuza dagaa mmoja kaapa mumewe hatatupa tena nyavu mbovu baharini, la sivyo alale nje. Nimelia kwa fahari, sijali nani kaona.

Msimamizi wa soko anataka turudie Jumamosi, na mzee wa kisu awepo. Baba kakataa katakata. Yeye si mcheza ngoma, asije akachekwa uzeeni.

Sasa yuko sebuleni, anaziba pale alipokata. Ameniita. Anataka kujua, kwa kuuliza tu, kasa huyo ataangukia upande gani Jumamosi, na fundo nitalifunga mimi au —