Taa Zinawaka, Diski Tupu: Nimwambieje Baba Mkwe?

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana hapa nilipo chakula hakipiti. Mimi ni fundi wa kompyuta katika zahanati ya baba mkwe wangu, mzee anayejua dawa lakini hajui hata kebo inachomekwa wapi, na hilo lisingekuwa neno kama angeniachia kazi yangu, ila alipoamua kwamba zahanati iache mafaili ya karatasi ihamie kwenye kompyuta, jambo zuri kabisa, nikamwambia baba niachie nitafute seva, yaani kompyuta kubwa ya kutunzia mafaili, mimi mwenyewe, akasema wapi, ana rafiki yake mstaafu anafunga ofisi, akaenda huko akarudi na dude kuukuu, zito kama jeneza, wanaume wazima wamelibeba wanahema, likasukumwa kwenye kile chumba kidogo nyuma ya mapokezi, naye akalipiga kofi la mgongo akasema, "Vijana wa leo mnanunua maboksi. Hiki ndicho chuma."

Basi mshauri, chuma chenyewe ndicho kilichoniponza. Naanza kusakinisha mfumo mpya wa uendeshaji, ule unaotakiwa na programu ya wagonjwa, nafika mahali pa kuchagua diski, naambiwa hakuna diski. Hakuna! Na mimi naziona kwa macho yangu, zimejipanga pale mbele. Nikahangaika weee mpaka nikagundua kwamba kadi inayoziongoza hizo diski ni ya zamani mno, waliotengeneza mfumo walishaiondoa kwenye orodha ya vifaa wanavyovitambua, kwa hiyo mfumo ukitazama upande ule hauoni kitu. Nikapakua mtandaoni kiprogramu cha mtu nisiyemjua, cha kuusaidia mfumo uitambue kadi, diski zikaonekana, nikashangilia peke yangu kama mwehu, halafu mfumo ukajisasisha wenyewe, kile kiprogramu kikashindwa kwenda nao, na mashine ikagoma kuwaka.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Lakini wakati uleule mzee akaingia na wageni wake, akaniuliza mbele yao, "Mkwe wangu, imekubali?" Mshauri, mzee huyu haambiwi hapana mbele ya watu, na mimi ndoa yangu bado changa, nikajikuta nasema, "Imekubali, baba."

Basi ikabidi ikubali. Nikachukua flashi yangu, ile niliyokuwa naweka nyimbo za kusikiliza kwenye gari, nikausakinisha mfumo mzima humo, nikaichomeka nyuma ya mashine na kuibandika selotepu isidondoke, na habari za wagonjwa wote zinaandikwa humo humo. Zile diski hazina habari ya mgonjwa hata mmoja. Ila taa zake, mshauri, zinawaka, zinakonyeza kijani vizuri kabisa kwa sababu zinapata umeme, na mzee kila akipata mgeni lazima ampeleke chumbani akazione, anamwambia, "Unaziona zinavyochapa kazi? Mkwe wangu huyu ndiye aliyezifunga." Mgeni anatikisa kichwa, nami nasimama pale natabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Mke wangu ndiye yuko mapokezi na ndiye anayeandika habari za wagonjwa. Hajui kitu. Siku hizi ananiuliza mbona mashine inakwama, mbona alichoandika asubuhi mchana hakionekani. Juzijuzi alikuja mama mmoja na mwanawe wa kuchomwa sindano, faili la mtoto likafunguka limekatika nusu, muuguzi akawa anaendelea tu, bahati nzuri yule mama akasema mwenyewe kwamba dawa hiyo inamdhuru mtoto, ilishawahi kumvimbisha koo akakosa pumzi, wakaibadilisha, yakaisha salama, lakini tangu siku hiyo mke wangu ananitazama kwa jicho ambalo silipendi.

Na sasa mzee ametangaza kwamba Jumamosi mafaili yote ya karatasi yachomwe moto, chumba yalimokaa kipakwe rangi. Nikisema, nitakuwa nimemwambia kwamba rafiki yake kamuuzia takataka, na kwamba nilimdanganya mbele ya wageni. Nikinyamaza, naiogopa ile flashi. Nimefikiria ninunue flashi kubwa zaidi, yenye jina, niibadilishe kimyakimya. Unaonaje?

Ni mimi, Mkwe wa Taa.

JIBU

Mkwe wa Taa, marahaba. Umeniomba nisikucheke. Ondoa shaka, sina hata hamu.

Mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima, kwa hiyo barua yako nimemsomea fundi wa mitambo wa gazeti hili. Alicheka tulipofika kwenye selotepu. Tulipofika kwa yule mtoto aliniomba karatasi aisome mwenyewe.

Eti flashi kubwa zaidi, yenye jina! Paa linavuja, bwana mkubwa anakwenda dukani kununua ndoo kubwa. Wewe ni fundi kweli, au ulipewa kazi kwa sababu umeoa?

Unamdharau mzee kwamba hajui kebo inachomekwa wapi. Ni kweli hajui, na ndiyo maana alikuuliza. "Imekubali?" ni swali la mtu asiyejua kwa mtu anayejua, na anayejua akajibu uongo. Sasa mjinga hapo ni nani? Hata hiyo mashine unayoitukana ilikwambia mapema kabisa kwamba haioni diski. Ilisema kweli kuliko wewe.

Halafu unajificha nyuma ya heshima ya ukwe. Hebu acha! Heshima ya mkwe ni kumpisha kiti, kutopandisha sauti, kutomkosoa mbele za watu. Nani alikutaka umkosoe mbele za watu? Ungesema, "Bado naishughulikia, baba," wageni wangeaga, nawe ungemfuata ofisini kwake ukamweleza taratibu. Wageni wale waliondoka siku nyingi. Ofisi ya mzee ipo, mlango unao, miguu unayo. Kilichokuzuia si heshima, ni utamu wa kusifiwa kwa taa.

Na hilo "yakaisha salama" limenikera kuliko yote. Yaliishaje salama? Mama alikumbuka, basi. Angekuwa na homa siku hiyo akamtuma shangazi wa mtoto, shangazi angejua nini? Muuguzi angetazama faili lako lililokatika, asione onyo lolote, akachoma. Uso wa baba mkwe wako umeueleza weee, yule mtoto umempitia mbio, tena ili ulalamikie jicho la mkeo! Mkeo ana haki ya jicho hilo. Vidole vinavyoandika kwenye flashi yako ya nyimbo ni vyake, na siku mtoto wa mtu akifia kwenye kiti cha zahanati, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Sasa sikiliza, na usinijibu. Karatasi zile zisiguswe. Ndizo kumbukumbu pekee za kweli mlizobaki nazo, na wewe unahesabu siku huku mzee anatafuta kiberiti. Mwite mkeo, mwingie kwa baba yake pamoja, ufunge mlango, useme hivi: "Baba, usichome mafaili. Nilikudanganya. Mashine haijakubali." Usianze na rafiki yake. Mashine ya huyo mstaafu ni nzima, ila ni ya mfumo wa zamani, na ni wewe uliyeivika mfumo mpya kwa nguvu bila kusoma kwanza kama unaitambua. Mzee akifoka, mwache afoke mpaka achoke, usimkatize na usijitetee.

Ukitoka hapo, nakili yote yaliyomo kwenye flashi uyaweke mahali pawili tofauti, na zahanati irudi kwenye karatasi leo hii. Fundi wetu anasema kadi hiyo ya zamani ing'olewe, iwekwe nyingine ambayo wenye mfumo wenyewe wameiandika kwamba wanaitambua, na usome orodha yao kabla ya kwenda dukani, si baada. Diski zako hazina habari ya mgonjwa yeyote, kwa hiyo hakuna utakachopoteza humo. Ukikosa kadi, iage mashine, mtafute nyingine. Viprogramu vya watu usiowajua kachezee nyumbani kwako. Mfumo ukishakaa kwenye diski, wewe na mkeo mketi mlinganishe kila faili na karatasi yake, na mzee asichome hata bahasha mpaka mkeo, si wewe, aseme tayari.

Na yule mama mtafute. Namba yake ya simu itakuwa imo kwenye faili la karatasi la mwanawe. Muulize ni dawa gani inayomdhuru mwanawe, uiandike kwa mkono wako, kwa wino mwekundu, juu kabisa ya faili lake. Halafu mweleze kwa nini unauliza. Huyo ndiye mtu wa kumwogopa, si baba mkwe.