Mshipi wa Mjane kwenye Gauni la Arusi

Mtaa wa Marachi,
Busia.
3 Septemba 1996

Mpendwa shangazi, Senge wangu Gaudencia,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. U mzima? Na ule mguu, joto la Mombasa limeutuliza ama bado unakusumbua? Sisi tuko salama. Wajina wako ameota jino, sasa ananiuma akinyonya halafu anacheka. Nampenda hivyo hivyo.

Senge, mimi sishoni tena kwa Jacinter. Usishtuke, soma kwanza.

Unamkumbuka Jacinter, tuliyesoma naye Butula, aliyekuwa anatoroka kipindi cha ufundi eti katani inamwasha mapaja? Siku hizi yeye ndiye mama wa mavazi ya asili. Ananunua mitumba, anaikata, anashonea ukingo wa katani, halafu anawaambia wageni ni urithi wa nyanya yake. Nyanya gani? Katani nilisokota mimi, kwa paja langu, vile ulinifundisha. Tena anawahubiria akina mama wasitupe nguo kuukuu. Nani hutupa nguo hapa Busia? Nepi za mtoto wangu zilikuwa shuka, na hiyo shuka ilikuwa gauni la mama.

Nilivumilia kwa sababu alisema nikimaliza nguo za maonyesho, ile cherehani yake ya zamani itakuwa yangu. Nilikuwa nimeshaipangia mahali, pale dirishani.

Basi siku ya maonyesho, kwa gauni la arusi akaleta mshipi wa maganda ya mgomba. Ule ule, Senge, anaofungwa mjane siku ya kuzika. Ameupaka rangi ya njano, eti unapendeza. Akataka niuvae mimi mbele ya watu, na mume wangu Omagor yuko barabara ya Kigali na lori! Nikamwambia, "Jacinter, huu unaujua." Akacheka. "Wageni hawajui. Wewe utakufa na ushamba wako. Vaa, ama usahau cherehani."

Nikaiangalia ile cherehani. Nikafunga mtoto mgongoni, nikaenda kukaa nyuma na watu.

Akauvaa mwenyewe. Akatoka anatingisha kiuno, na mumewe Ogweno ameketi mbele kabisa na suti. Wageni wanapiga makofi, akina mama wanatazamana. Ogweno akasimama pole pole. "Mama Austin, mimi nimekufa lini?" Muuza omena mmoja wa Sio Port akaanza kulia kama matangani: "Uuwi Ogweno, umetuacha ukiwa bado mnene hivyo!" Watu wakacheka mpaka viti vikaanguka. Jacinter akavuta ncha ya ule mshipi, akaikata kwa meno. Huruma naye sina, Senge, nisikudanganye.

Omagor alirudi Jumapili, mzima, na njaa yake. Nilimshikashika mikono kama mjinga. Akauliza nina nini, nikamwambia ale.

Cherehani nilikosa. Sasa nashona kwa mkono, mikoba ya vipande vya mitumba na kamba ya katani. Yule mama wa omena amechukua mmoja, na dada yake anataka wake. Itakuja tu, hiyo cherehani.

Nisalimie bwanako Mzee Oketch, na binti yako Loise umwambie mtoto anamngoja. Mungu auguse huo mguu wako.

Mkoba wa kwanza kabisa nilikuwekea wewe, ndio umebeba barua hii. Tembea nao sokoni. Wakikuuliza nani ameshona, usiseme nyanya. Sema ni mimi.

Mtoto wako akupendaye sana,
Nabwire