Walioniwashia Taa

Machi 4

Kitinda mimba wetu,

Hamjambo, wewe na wifi yangu? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi za mahakama.

Likizo imekubaliwa. Miaka kumi na tisa naandika maelezo ya watu, sasa nimepata siku thelathini na sita zangu mwenyewe. Naiendesha pikipiki mpaka lami inapoishia, kilomita elfu moja na mia nane. Usicheke.

Shida yangu ni vifaa. Kila mtu ana ushauri, na sijui kipi cha maana, kipi mapambo. Wewe ndiye fundi, na ulituambia sote nyumbani kwamba dukani kwenu hakikosekani kitu. Nichagulie kama unajichagulia mwenyewe. Nataka kuona, nionekane, na simu isinizimikie porini.

Dada yako

Machi 9

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Wifi yako anasema goti hilo ulifunge kitambaa kabla ya kupanda.

Sicheki, najivunia. Lakini pikipiki yako ni ndogo, na umeme wake ni kama unga wa mwisho wa mwezi, hautoshi wageni wote. Ukitoa taa kubwa na mahitaji ya injini, unabakiwa na wati kama sitini. Kwa hiyo glavu za kupasha moto na redio, achana navyo. Nimekuwekea chaja ya simu isiyoingiza maji, kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko, maana bila mpira kamera ya simu hufa, taa ya nyuma ya kuongezea breki, na taa mbili za ukungu za mbele. Kila kimoja na fyuzi yake. Fundi wa huko asipitishe waya karibu na ekzosi.

Taa za mbele nimezipima mwenyewe. Azifunge tu.

Mdogo wako

Machi 30

Mdogo wangu,

Salamu kutoka njiani. Mgongo unalia, moyo unacheka. Hamjambo huko?

Leo siku ya sita. Simu imejaa chaji, na jana kwenye mvua niliona kila shimo kabla halijaniona. Umenichagulia vizuri. Na watu wa barabara hii wana adabu ambayo sijaiona kwetu: karibu kila dereva tunayepishana naye ananiwashia taa kunisalimu. Mimi nawapungia mkono. Mmoja alitoa kichwa dirishani akasema maneno marefu, upepo ukayachukua.

Niandikie, nisome nikinywa chai.

Dada yako

Aprili 3

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima. Mimi mwili mzima. Barua yangu umeisoma, alama ya kusomwa naiona kwenye simu, lakini hujajibu.

Jana saa moja na nusu asubuhi kulikuwa na ukungu mlimani. Mtu alikuwa akipanda na baiskeli, amefunga miguu ya viti nyuma. Nilimwona akiinua mkono kujikinga macho. Akayumba, akaingia mtaroni. Niliyaona yote kwenye kioo cha pembeni, yule mtu, baiskeli, na ile miguu ya viti ikitawanyika.

Sikusimama. Niliongeza mwendo.

Nilikwenda kilomita arobaini kabla ya kuegesha kwenye mgahawa. Mwenye mgahawa aliponiuliza habari za njia, nikamwambia salama. Watu wangapi nimewaandika mimi, "alikimbia baada ya tukio", nikiwadharau kimoyomoyo?

Kesho narudi. Niambie ukweli, taa hizi zikoje?

Dada yako

Aprili 5

Hamjambo. Nimempata.

Ni seremala. Mfupa wa bega umevunjika, na kiganja cha kulia kiko ndani ya plasta. Nilisimama mlangoni nikamwambia ni mimi. Mkewe akaniletea kiti. Kiti kile kilinichoma kuliko matusi.

Seremala aliuliza jambo moja tu: "Taa gani zile, mama?"

Nilimwambia nitauliza. Jibu unalo wewe.

Dada

Aprili 6

Dada yangu,

Shikamoo, ingawa naona haya hata kuiandika. Sisi wazima.

Taa zile ni mbaya. Hazina kizuizi cha kukata mwanga kwa juu. Nilizimulika kwenye ukuta wa karakana, mwanga ukatapakaa mpaka darini. Wateja watatu walikuwa wamezirudisha, wakisema wanaopishana nao wanawatukana. Bosi akasema ziuzwe hivyo hivyo.

Taa nzuri zilikuwa zimekwisha, nyingine zingekuja baada ya wiki mbili. Ningekuambia tu, "dada, sina, subiri." Nikashindwa. Nilikwisha kujitapa mbele ya ukoo mzima.

Ulipoandika kwamba unawapungia mkono madereva wanaokulalamikia, nilicheka. Kisha nikaenda kunawa uso. Maneno matatu yangetosha: zima taa hizo. Nilishika simu jioni nzima, sikuyaandika.

Mdogo wako, kama bado unaniita hivyo

Aprili 8

Mdogo wangu,

Nakuita hivyo. Habari za wifi?

Nimeisoma barua yako mara nne. Taa ni kosa lako. Lakini aliyeona mtu anaanguka akakaza mwendo ni mimi, hilo usinibebee. Nimezing'oa, na nimeandikisha maelezo polisi. Karani wa pale aliniambia nianze mwanzo. Nikaanzia katikati, mimi ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu waanze mwanzo.

Safari imeishia hapa. Seremala ana madawati ya shule aliyoahidi, na mkono mmoja hauwezi kupiga randa. Namshikia mbao. Ananielekeza kwa kidevu. Hatuongei sana.

Ila jambo moja halinipi usingizi. Wateja watatu walirudisha. Wasiorudisha je? Wako wangapi?

Dada yako

Aprili 19

Dada,

Shikamoo. Nyumbani wazima, mimi ni nusu nusu.

Ni jozi kumi na moja, ukiacha yako. Bosi alisema nikithubutu kumpigia mteja yeyote nisirudi. Nilinakili namba zote, nikamwachia funguo mezani.

Nimewapigia. Wengi wamenitukana, nami nimesikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa nimestahili tangu Machi. Mkunga mmoja alisema, "Kumbe ndiyo sababu," akakata simu. Sababu ya nini, sijui. Nimempigia tena, hapokei. Jana nilikwenda kwake, jirani akasema yuko kazini na pikipiki yake, kwa hiyo taa ziko barabarani. Kesho alfajiri narudi kumsubiri mlangoni na bisibisi, nizing'oe.

Kutoka huko nakuja. Nitafika kwa seremala Jumamosi, saa nne asubuhi. Sijui nitasema nini.

Mwambie siku na saa. Nikijua ananisubiri, sitaweza kugeuza njiani.

Mdogo wako